Hakuwanyang'anya Watu wa Kibabi Woga Wao: Maisha ya Docteur Mbusa Jules (1956–2014)

Yameandikwa na mke wake, Mama Mutesi Adelaïde. Yanasomwa na mdogo wa marehemu, Papa Ndungo Maurice.

Kwa kawaida maneno ya siku kama hii huanza na kuzaliwa. Ya Docteur Mbusa Jules yataanza na uvumi, kwa sababu uvumi umefika hapa kabla ya jeneza. Tangu mwaka 2007 kuna watu, kule Masisi na hapa Goma, wanaosema kwamba Docteur aliwatoa watu wa kijiji cha Kibabi woga, na kwamba vita iliporudi, katekista wao Polycarpe alibaki mahali pake kwa kuwa hakujua tena kuogopa, akauawa. Wengine wameongeza kwamba Docteur aliwapa wanajeshi dawa ya ushujaa. Juzi, katika matanga haya, mtu mmoja alimwambia jirani yake: "Huyu njo ule wa kutoa woga. Basi kifo imemukuta bila woga, ni bahati yake." Nilikuwa nyuma yake nikimimina chai. Nilimpa chai yake.

Familia haitaki marehemu azikwe pamoja na uongo. Docteur Mbusa hakumwondolea mtu yeyote woga. Hakuna mwanadamu anayeweza kufanya hivyo, na yeye ndiye aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba haiwezekani. Alichofanya Kibabi kitaelezwa mahali pake, na waliokuwepo wako hapa wanasikiliza. Baada ya hapo tutashukuru, maana katika maisha haya ya kushukuru ni mengi kuliko ya kujibu.

Docteur alizaliwa Butembo tarehe 9 Agosti 1956, mtoto wa kiume wa sita wa Muzee Kambale na Mama Masika, ndiyo sababu akaitwa Mbusa, kama Wanande wanavyowaita watoto wao kwa zamu ya kuzaliwa. Baba yake aliuza chumvi, sabuni na vitenge, na mwaka 1961 alifungua duka Walikale, akahamia huko na familia yote. Watoto wa duka lile walilala juu ya mifuko ya chumvi na kujua bei ya kila kitu.

Mwaka 1966, akiwa na miaka kumi, Mbusa alikuwa ameketi juu ya mizigo ya camion, lori la baba yake, wakati mbao za daraja zilipovunjika, kwenye kijito kimoja kabla ya mto Lowa. Camion iliinama, mifuko ikaingia majini, na mtoto akabaki ananing'inia kwenye kamba. Hakuna aliyekufa. Lakini toka siku ile hakukubali kuvuka daraja lolote ndani ya gari. Baba yake alimgombeza, akamchapa, haikusaidia. Mama Masika ndiye aliyeshuka naye, akamshika mkono, wakavuka kwa miguu mbele ya camion. "Tembea, Mbusa," alimwambia. "Ile daraja haikujue hata jina."

Alivuka hivyo maisha yake yote. Madereva wa barabara ya Sake kwenda Masisi walimzoea: wakikaribia daraja walipunguza mwendo bila kuambiwa, yeye akashuka na mkoba wake, akavuka, akapanda tena. Vijana waliokuwa nyuma ya gari walimcheka. "Docteur wa woga anaogopa mbao!" Naye akawajibu: "Njo maana niliisomea. Wewe ungesomea kitu yenye haikusumbuwe?"

Shule ya msingi alisoma Walikale kwa mapadri, na ya sekondari, humanités, Butembo, alikopata diplôme d'État mwaka 1975. Kisha alikwenda kampasi ya Kisangani kusoma saikolojia, akamaliza shahada ya licence mwaka 1981 na kubaki huko kama assistant, mwalimu msaidizi. Mwaka 1984 alipata bourse, ufadhili wa masomo, ya kwenda Ubelgiji, na tarehe 23 Juni 1989, mjini Liège, alitetea thesis yake ya udaktari. Aliitetea akiwa amevaa koti la kaka yake wa kwanza, lililokuwa refu mikononi. Picha ipo ndani ya programu hii.

Mwaka 1986 alirudi Butembo kwa likizo, na mama yake akataka kujua kile anachofanya kwa Wazungu.

"Mama, niko nafundisha panya kuogopa."

"Kuogopa nini?"

"Kuogopa kengele."

Mama Masika alifikiri kidogo. "Na kisha?"

"Kisha naifundisha isiogope tena."

"Mbusa mutoto wangu, panya zimejaa depot ya baba yako, na haziombe viza. Ungebaki."

Kwa wale ambao hawakuijua kazi yake, ni hii. Panya akisikia mlio, na mara baada ya mlio akapata mshtuko mdogo wa umeme miguuni, halisahau somo hilo. Kesho yake mlio peke yake unatosha kumgandisha. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, haizidi punje ya haragi, ambayo hushika masomo ya namna hiyo, na huyashika haraka, kwa sababu mnyama anayechelewa kujifunza hatari haishi. Kisha mtafiti anaupiga mlio ule ule mara nyingi bila mshtuko wowote, na taratibu panya anatulia. Zamani wataalamu walidhani kwamba hapo woga umefutika. Haujafutika. Sehemu ya mbele ya ubongo imejifunza somo la pili, kwamba sasa ni salama, na somo hilo linakaa juu ya lile la kwanza na kulinyamazisha. Lakini mhamishe panya yule katika kisanduku kingine, chenye harufu nyingine na kuta nyingine, upige mlio: woga unarudi kana kwamba hukufanya kazi yoyote. Somo la woga linamfuata mnyama popote anapokwenda. Somo la usalama linapenda kubaki pale lilipofundishwa. Hiyo ndiyo thesis ya Docteur. Nimeisoma yote, pamoja na jedwali zake.

Alirudi nchini mwaka 1990, wakati wengi wa rika lake walikuwa wakitafuta njia ya kubaki Ulaya, akafundisha katika vyuo vya Goma. Huko ndiko tulikokutana. Mimi ni binti wa Muzee Karangwa, mfugaji wa milima ya Masisi. Nilikuwa nimemaliza licence ya pedagojia na nilifundisha katika lycée. Tulifunga ndoa katika kanisa kuu la Goma siku ya Jumamosi, tarehe 18 Julai 1992.

Mahari yake inasimuliwa mpaka leo, basi isimuliwe sawasawa. Kaka zake walifika kwetu kama desturi yao inavyotaka, wakaanza kuzungumza habari za mbuzi. Shangazi yangu Mukamurenzi aliweka kikombe chini. "Mbuzi? Huyu mutoto tulimukomalisha na maziwa ya ngombe. Leo atoke hapa na harufu ya mbuzi?" Kila mtu alicheka isipokuwa kaka zake Jules, ambao walirudi kujipanga. Hawa walikuwa wafanyabiashara wanaoweza kukuambia kitambaa kimetoka nchi gani kwa kukishika na vidole viwili, lakini ng'ombe hawakumjua. Walinunua kwenye soko la Sake, wakapandisha mlima na ng'ombe wao kwa fahari. Baba yangu alimzunguka mmoja, wa rangi ya kahawia, mwenye sikio lililochanika, akasimama.

"Huyu ninamujua. Anaitwa Gaju. Nilimuuzisha mwezi jana juu ya kuwa hazae."

Kaka zake Jules walitazama viatu vyao. Jules ndiye aliyesema: "Baba, basi leo umeona ya kuwa sitaweza kukudanganya. Hata ngombe yako mwenyewe nilikuletea mubele ya macho yako." Muzee Karangwa alicheka mpaka akatafuta kiti. Gaju alibaki kwetu, akazeeka kwa heshima.

Ilikuwa miaka ambayo ndoa ya Mnande na binti wa wafugaji wetu ilihesabiwa siku na watu wasiohusika. Kila upande ulikuwa na wajuzi waliotuambia kwamba haitadumu. Ilidumu miaka ishirini na moja na miezi saba. Katika miaka hiyo Masisi iliwaka moto zaidi ya mara moja, na katika nyumba yetu walilala jamaa zake na jamaa zangu, chini ya paa moja, wakila sufuria moja. Kwa hilo namshukuru Mungu kwanza, na pili Docteur, ambaye hakumruhusu mgeni yeyote kuleta vita mezani. "Vita iko na njia yake kule inje," alisema. "Huku ndani ni kula."

Sasa tufike Kibabi.

Mbele ya kapela ya Kibabi, kwenye mti wa mkaratusi, kulitundikwa jante ya camion, ile chuma ya gurudumu, na katekista Polycarpe aliigonga kwa kipande cha nondo. Jante ile ilifanya kazi zote za kijiji: misa, shule, taarifa ya kifo, na hatari. Katika miaka ya vita kazi ya mwisho ilizimeza zile nyingine. Mapigo ya haraka yalikuwa na maana moja: acheni chungu motoni, kimbieni. Kuna waliokimbia wakiwa familia nzima, wakafika porini nusu. Ndiyo maana, mwaka 2001, watu wa Kibabi waliokuwa wamekimbilia Goma walikuwa wakitetemeka kila mahali chuma ilipogongwa, kwenye garage, kwenye shule, kwa fundi wa mabati. Mama Dorothée, ambaye yuko hapa leo, alimwagia mteja uji wa moto kwa sababu mtu aliangusha spana ng'ambo ya barabara.

Docteur aliomba chumba cha parokia, akawakusanya. Polycarpe, ambaye naye alikuwa mkimbizi, alizunguka garage za mji akigonga jante moja moja kutafuta inayolia kama ile ya kwao, mpaka wenye garage wakamfukuza: "Papa, unanunua ao unaimba?" Aliipata. Walianza kwa mlio mdogo sana, watu wakiwa wamekaa, mlango wazi, wakijua kwamba wanaweza kutoka. Mwaka wa pili walikuwa wanashona na kuchambua maharagi huku jante inalia. Docteur alifurahi mno. Mwaka 2003, hali ilipotulia, watu walirudi Kibabi, naye akawasindikiza ili aione Jumapili ya kwanza.

Polycarpe aligonga. Kapela ilibaki na padri peke yake. Watu wote waliingia shamba la mahindi, pamoja na wale walioshona na kuchambua maharagi, na Docteur Mbusa, mwenye thesis ya Liège, alikimbia pia na viatu vyake vya mjini. Mama Dorothée alimkuta amelala kando yake kati ya mistari.

"Docteur, na wewe?"

"Niliona munakimbia wote."

"Kumbe njo dawa ulitupatia?"

Kicheko kilianzia hapo, kikapita mahindi yote, na watu wakatoka wakijipangusa udongo. Lakini aliporudi Goma hakucheka. Aliketi kwenye kiti chake bila kuvua viatu, akaniambia: "Adelaïde, panya zangu zilinieleza hii miaka yote. Niliwafundisha hawa watu usalama ya Goma. Ile ya Kibabi sijawafundisha hata siku moja."

Basi alihamia Kibabi. Kwa sehemu kubwa ya mwaka 2004 na mwanzo wa 2005 aliishi katika chumba nyuma ya kapela, na mimi nilipanda kila nilipopata likizo. Na hapa naomba wenye uvumi wasikilize vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeketi pale pale. Kabla ya jante kuguswa hata mara moja, Docteur aliwaita watu wote na kuwauliza: "Mukizoea hii jante, na hatari ikikuja, mutajua namna gani?"

"Tutaipiga mbio mbio," alisema mzee mmoja.

"Hapana. Sikio ikishazoea chuma, haitachagua tena mbio na pole. Mutafute sauti ingine. Bila ile, mimi sianze."

Mama Dorothée alisimama. "Sufuria. Kila mama iko na sufuria na bidon ya maji. Tukipiga sufuria yote, hata muzee mwenye hasikie atajua."

"Basi jante ibaki ya Mungu na ya shule," Polycarpe alisema. "Sufuria ya vita. Lakini wamama, munielewe: musitupigie sufuria juu ya panya imeingia jikoni."

"Ile panya ya Docteur njo tutapigia!" wamama wakamjibu.

Hivyo ndivyo shauri lilivyokatwa, mbele ya chef wa kijiji na padri. Yeye ambaye amesema kwamba Docteur aliwaacha watu bila onyo, hakuwepo.

Kisha kazi ikaanza. Siku za kwanza walikaa tu chini ya mti na kuitazama jante. Halafu watoto wa shule waliruhusiwa kuigonga kwa mkono, kwa zamu, na wao ndio waliotulia kabla ya wengine, kwa maana ni vigumu kuogopa kitu unachokigombania. Watu wazima walikaribia kidogo kidogo, wengine wakiwa wameshikana mikono. Mwenye kutaka kuondoka aliondoka, na hakuna aliyeulizwa neno. Aliyechukua muda mrefu kuliko wote ni Polycarpe mwenyewe, kwa sababu mkono uliopiga onyo miaka yote ulikuwa wake. Alianza kwa kugonga na kandambili. Siku ya Pasaka, tarehe 27 Machi 2005, alipiga kwa nondo, kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyeinuka isipokuwa kuingia misa. Docteur aliimba siku ile. Hakujua kuimba. Watu wa Kibabi walimvumilia, na kwa hilo pia tunawashukuru.

Hawakuwa watu wasio na woga. Waliendelea kuogopa bunduki, na nyayo za watu wasiowajua, kama kila mwenye akili. Docteur aliutetea woga wa namna hiyo. Wachimbaji wawili wa Rubaya walimfuata siku moja wakitaka awaondolee woga wa shimo, kwa sababu wenzao walikuwa wakiwacheka kwamba ni wanawake.

"Ile shimo inaweza kuwaangukia?" aliwauliza.

"Inaweza, Docteur."

"Basi hiyo haiko ugonjwa. Murudi nayo, na muitunze."

Na habari ya dawa ya wanajeshi ni hii, yote. Kwenye barrière moja, kizuizi cha wanajeshi karibu na Mubambiro, nikiwa naye garini, ofisa mmoja alipoona karatasi za Docteur alimwambia: "Docteur, unipatie kitu ya vijana wangu, wasiogope tena." Docteur akamjibu: "Commandant, nikiwatolea woga, hata wewe hawatakuogopa." Vijana waliokuwa nyuma walicheka kabla ya kukumbuka mahali walipo, na ofisa akalazimika kucheka nao. Alitupisha. Dawa haikutolewa kwa sababu dawa haipo.

Tarehe 16 Oktoba 2007, asubuhi, sufuria za Kibabi zililia. Watu walikimbia, wote, kwa njia waliyokubaliana, mpaka kwenye mgongo wa mlima. Walikimbia kwa sababu waliogopa, na woga wao uliwaokoa. Jioni chef wa kijiji alihesabu watu wake, akamkosa mmoja tu. Polycarpe alikutwa kesho yake kando ya barabara, amepigwa risasi.

Mama Dorothée alikimbia nyuma yake. Maneno yake ninayaandika kama alivyoniambia, na ameniruhusu: "Hakubaki. Nani alisema alibaki? Alikuwa mubele yangu, na ile tumbo yake yote, alinishinda mbio. Tulifika juu pamoja. Alikaa chini, alipumua, aliangalia kule tulitoka. Kisha alivua koti akanipatia, alisema, 'Mama Dorothée, unishikie.' Nikamuuliza, 'Unaenda wapi, Papa?' Alishuka."

Mtu asiyejua kuogopa hakimbii. Polycarpe alikimbia, akafika, akarudi. Kati ya kufika na kurudi kuna sababu, na sababu ile haikutoka kwenye jante wala kwenye utafiti wa mtu.

Lakini katika msiba wake, kaka yake mkubwa alisimama mbele ya watu wote, akamnyooshea Docteur kidole. "Wewe njo ulimutoa woga. Wewe njo ulimuua." Watu wakamgeukia Docteur. Alisimama, akasema, "Pole sana, kaka," akaketi. Njiani, nilipomwuliza kwa nini hakujibu wakati anajua ukweli, alisema: "Nikijibu, nitajipangusa na nguo ya marehemu. Wacha nibaki muchafu."

Alibaki hivyo zaidi ya miaka sita. Kuna mikutano ambayo hakualikwa tena, kuna wanafunzi waliobadilisha mwalimu, kuna salamu zilizokatika. Hakulalamika, na kila Pasaka alipanda Kibabi, akishuka kwenye kila daraja, na watu wa Kibabi walimpokea kila mwaka. Hilo wenye uvumi hawalisemi. Kaka yake Polycarpe mwenyewe aliacha uadui mwaka 2010, akampa mkono mbele ya kapela, na leo ni mmoja wa wale watakaobeba jeneza. Familia yetu haina deni na yeye.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2009, na kufikia 2012 ulikuwa umefika kwenye figo na macho. Mimi na watoto tulimsomea magazeti na kazi za wanafunzi wake, naye akasahihisha kwa mdomo, kwa ukali ule ule. Hospitalini alikuwa mgonjwa mwenye adabu na mwalimu asiyechoka. Infirmière Benita, muuguzi ambaye tunamshukuru sana, aligundua kwamba wagonjwa wake walianza kulalamika kabla hata hajafika kitandani. Docteur alimweleza: "Wanajua viatu vyako. Viatu inalia, kisha sindano inaingia. Siku ingine upite mikono mitupu, useme bonjour, uende." Benita alifanya hivyo, na chumba kile kikawa kizuri kwa wote. Nadhani ndiyo maabara yake ya mwisho.

Alipokea sakramenti ya wagonjwa Ijumaa jioni. Jumamosi tarehe 22 Februari 2014, saa sita ya mchana, hapa Goma, aliaga dunia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Kwa yule aliyesema kwamba kifo kilimkuta bila woga: sivyo. Asubuhi ile aliniambia, "Niko naogopa kidogo, Adelaïde. Ni vile inapaswa." Sioni haya kuliandika. Alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu, anakwenda mahali asipopajua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mapadri, vyuo vya Goma, na hasa wale wanafunzi waliobaki naye, wafanyabiashara wa Butembo, waliotuma gari mbili na mifuko ya mchele bila kuombwa, jamaa zangu wa Masisi, waliochunga ng'ombe za wengine ili wenzao washuke hapa, na watu wa Kibabi, waliotembea tangu alfajiri wakiwa na maziwa kichwani. Docteur alizoea kusema kwamba yeye aliwafundisha kitu kimoja, nao walimfundisha kilichobaki.

Ameacha mjane, Mama Mutesi Adelaïde. Watoto watatu, Régine, Kétsia na Delphin. Mjukuu mmoja aliyeitwa Mbusa, ingawa ni wa kwanza na wazee wa Butembo wamelalamika. Kaka wawili, mdogo wake Maurice anayesoma maneno haya, dada watatu. Shemeji, wapwa, na wanafunzi wengi. Mungu ampokee kwa wema ule ule aliowapokelea wengine nyumbani kwake, na alazwe taratibu katika mawe haya ya Goma, apumzike.

Limebaki jambo moja. Sababu iliyomshusha Polycarpe kutoka mlimani, Docteur aliijua, kwa kuwa Polycarpe alimweleza mambo yake wakati wa kazi yao chini ya mti. Mwezi uliopita aliniambia na mimi, ili nisibaki na maswali. Ingetamkwa hapa, jina la mume wangu lingesafishwa kabla hatujafika makaburini. Mama Céline, mjane wa Polycarpe, alifika juzi kutoka Kibabi. Aliniuliza jikoni, kwa sauti ya chini: "Mama Docteur, utaisema?" Nilimjibu. Sasa ameketi mstari wa mbele, kati ya binti zangu. Mtu asimfuate kwa maswali, na mimi nisifuatwe, leo wala baada ya matanga. Sisemi.